Pembe ya Kulwa

Rajab, mwezi 5, Jumapili

Naanza kwa jina la Mola aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, na namwomba anisitiri katika haya nitakayoandika.

Mimi ni Miza binti Dadi, mwenyeji wa Bagamoyo, mjane, umri kama miaka arobaini na mitano. Nilisoma chuoni mpaka nikahitimu msahafu, nikajifunza kuandika barua ya salamu na kuhesabu pishi za mchele. Zaidi ya hapo sijui. Daftari hili nimeamriwa na kadhi.

Jana nilikwenda kwake na imamu wa msikiti wetu na jirani mmoja, wawe mashahidi. Nikasema, "Shehe, baba yangu anasahau."

Akatabasamu. "Nani asiyesahau, binti yangu? Mimi leo nimekuja barazani na makubadhi mawili ya kushoto."

"Juzi, shehe, mtu amepita njiani akamwambia, 'Mzee, nakudai reale nne.' Baba hamjui, hajapata kumwona. Akampa. Jana mtu yule akarudi, akasema vile vile, akapewa tena."

Kadhi akaacha kutabasamu. Akawauliza mashahidi, wakasema ni kweli, na jirani akaongeza mengine ambayo mimi nilikuwa siyajui. Nikainamisha kichwa.

"Kalamu imeondolewa juu ya watu watatu," kadhi akasema. "Aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Baba yako haandikiwi dhambi. Lakini mali yake sharti iandikwe. Utaishika wewe. Kilichoingia, kilichotoka, na sababu yake. Chukua funguo leo hii, kabla ya adhuhuri."

Nilipotoka nililia njia nzima. Anayesoma haya huenda hamjui baba yangu, basi nimweleze. Mji mzima unamwita Dadi Amana. Miaka thelathini wapagazi wa bara, wakitaka kurudi kwao na kuogopa kunyang'anywa njiani, wamekuwa wakimwekea vitu vyao: nguo, shanga, fedha. Hakuwa na daftari hata moja. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake, cha nani, kiasi gani, kimefungwa kwa kamba gani. Haijapotea hata kete moja ya ushanga. Sasa ni kichwa hicho hicho kinachotoboka.

Funguo nilizichukua alipokuwa anaoga. Tangu hapo anapapasa kiunoni, anapapasa, kama mtu aliyeng'olewa jino anavyotafuta pengo kwa ulimi.

Mali niliyoikuta: nyumba hii, shamba la mpunga Makurunge, sanduku moja lenye reale ishirini na tatu na rupia saba. Vya wapagazi havimo. Nadhani vyote wenyewe walikwisha kuvichukua. Mimi mwenyewe nina minazi ishirini Mlingotini, aliyoniachia marehemu mume wangu. Hiyo haimo katika hesabu hii.

Mwezi 8, Jumatano

Mvua ya kwanza. Samaki, pesa sita. Baba kaniuliza, "Pembe ya Kulwa ipo?" Simjui Kulwa. Nikamwambia ipo, akatulia.

Mwezi 12, Jumapili

Nimepita kwa Banyani tunayenunua kwake mafuta. Alinivuta kando, akasema, "Mama Miza, mzee amenilipa deni la mwaka jana mara tatu. Mara mbili nimemrudishia mkononi. Amegomba sana, anasema namdhulumu, namzuia kulipa. Hii hapa ya tatu, chukua wewe."

Reale mbili. Nimeziandika: zimeingia. Mtu wa dini nyingine kanirudishia, na wa dini yangu kachukua nne mara mbili. Mungu ndiye mjuzi wa waja wake.

Baba anaogopa kufa na deni. Tangu udogo wangu alikuwa akituambia kwamba Mtume alikataa kumsalia maiti mwenye deni. Hilo halijamtoka. Kilichomtoka ni kwamba amekwisha kulipa.

Mwezi 15, Jumatano

Leo nimecheka, na nikiisha kucheka nikaenda kukaa chooni peke yangu.

Chausiku, aliyekuwa mtumwa wetu, baba alimwacha huru miaka tisa iliyopita kwa hati na mashahidi, naye kwa hiari yake akabaki nasi. Asubuhi baba kamwita, kasimama wima na bakora yake. "Chausiku, kuanzia leo nimekuacha huru kwa ajili ya Mungu. Huna bwana ila Yeye."

Chausiku akapiga magoti, akambusu mkono. "Mungu akulipe pepo, bwana."

Jikoni akaniambia, "Ya ngapi hii tangu mwezi wa Mfungo Tano, bibi? Ya kumi na moja. Pwani nzima hakuna muungwana kama mimi."

"Kwa nini humwambii amekwisha kukuacha?"

"Nimnyime thawabu?" akasema, akaendelea kukuna nazi.

Mwezi 19, Jumapili

Reale moja haipo sandukuni. Nimehesabu mara nne. Funguo hulala chini ya mto wangu, lakini nikienda kisimani huziacha msumarini.

Mwezi 27, Jumatatu

Miraji. Msikitini baba kasoma kisa chote kwa moyo, asiangushe hata herufi, sauti ile ile ya zamani. Watu wakalia. Wakati wa kurudi Mwaija, mke wa jirani mwingine, akasema nyuma yangu kwa sauti ya kusikiwa: "Huyu ndiye aliyepotewa na akili? Wengine wana haraka ya kurithi, jamani, hata sanda haijanunuliwa."

Sikugeuka. Nyumbani baba akanitazama, akasema, "Bibie, wewe unakaa mtaa gani? Kumekuchwa, wenyewe hawatakutafuta?"

Shaaban, mwezi 3, Jumapili

Mvua, mvua, mvua. Reale nyingine haipo. Katika nyumba hii tupo watu watatu, na mmoja wao hajui leo ni siku gani. Sitaki kuandika ninalolifikiri juu ya Chausiku.

Mwezi 7, Alhamisi

Nilikuwa Makurunge siku mbili kuangalia kupandikiza mpunga. Nikarudi leo adhuhuri, matope mpaka magotini, nikaona moshi mkubwa uani kwetu. Nikakimbia, nikidhani nyumba inaungua.

Barazani imetandikwa mikeka mipya. Waalimu wanane wamekaa na juzuu mbele yao, kanzu safi. Uani masufuria matatu ya kukodi, mbuzi wawili wamekwisha kuchunwa, wanawake wa mtaa wanapepeta mchele. Mwaija yumo. Baba amekaa mlangoni amevaa nyeupe, macho mekundu.

Chausiku akanishika mkono kabla sijafika kwake. "Bibi, ametoka alfajiri mimi nikiwa kisimani. Kaenda sokoni mwenyewe. Mchele, samli, mbuzi, jora za nguo ya merikani za sadaka ya waalimu, vyote kwa ahadi. Nani amkatalie Dadi Amana?"

"Khitima ya nani?"

Akanionyesha baba kwa macho. Nikajua.

Mama yangu Tabia alikufa kwa homa miaka kumi na moja iliyopita. Tulimzika, tukamsomea, tukaondoa tanga. Leo alfajiri baba kaamka, kapapasa kitandani, hakumkuta. Na katika kutafuta akakumbuka kuwa amekufa. Akakumbuka kama habari mpya.

Nikamwendea imamu. "Shehe wangu, wewe unajua. Uliniwia shahidi kwa kadhi. Kwa nini umewaleta watu?"

Imamu akafuta uso. "Nimwambie nini, Miza? Nimwambie usilie? Kasema tumsomee marehemu. Marehemu ni marehemu, na kisomo hakina kuchelewa."

Basi wakasoma. Nami nikajifunga nguo kiunoni nikaingia kwenye masufuria, nikapika wali wa khitima ya mama yangu mara ya pili. Mwaija alikuwa upande wa pili wa sufuria. Baadaye akachukua mwiko mkononi mwangu, akasema, "Kaa, dada. Kaa kitako. Nilikuwa sijui." Tangu leo simwandiki kwa ubaya.

Watu walipokuwa wanakula nikakaa karibu na baba. Akanipa mkono wa tanzia, kwa adabu, kama anavyopewa mgeni.

"Ahsante kwa kuja, mama. Ulimjua mke wangu?"

"Nilimjua."

"Tuna mtoto mmoja aliyesalia katika sita. Binti, jina lake Miza. Yuko safarini, hakuwahi kumzika mamaye. Sijui nitamwambiaje akija. Ana moyo laini yule."

Nikasema, "Atakuja, baba. Mwambie polepole."

Mwezi 8, Ijumaa

Kaamka kauliza, "Tabia kaenda wapi asubuhi yote hii?" Nimemwambia kaenda kisimani. Mungu anisamehe. Sitaki afiwe tena.

Mwezi 10, Jumapili

Wenye mali zao wamekuja, wote kwa upole, wote wamesimama mlangoni hawakutaka kuingia. Jumla reale ishirini na tisa. Sandukuni kuna kumi na moja, nazo ndizo za kula na za vibarua wa shamba. Mchinja mbuzi kasema, "Hata mwakani, bibi, kwa heshima ya mzee." Mwakani! Na baba akifa kesho? Yeye anayelipa deni moja mara tatu azikwe nalo shingoni?

Mwezi 15, Ijumaa

Paa linavuja. Nimepanda darini na Chausiku kusogeza vitu. Nyuma ya majamvi ya zamani tumekuta mzigo mrefu umeshonwa ndani ya mkeka. Ndani ya mkeka, kaniki. Ndani ya kaniki, pembe ya ndovu, si kubwa, ndefu kama mkono wangu mpaka begani.

Nikamshushia baba. "Hii ya nani?"

"Ya Kulwa."

"Kulwa yupi, baba?"

"Kulwa wa Doto."

Huko bara kila penye mapacha kuna Kulwa na Doto. "Aliileta lini?"

Akafikiri sana, masikini, uso ukamkunjamana. "Jana."

Mwezi 16, Jumamosi

Nimesali rakaa mbili za istihara, Mungu anionyeshe kama niiuze, nikalala. Sikuota kitu. Nimeamka moyo mwepesi, mvua imekatika, jua limetoka. Nimesema hilo ndilo jibu.

Nilijisemea hivi, naandika ili nisije nikajidanganya baadaye: mtu asemaye mkewe yuko kisimani, aniitaye bibie wa mtaa wa pili, asemaye jana kaletewa pembe yenye vumbi la miaka, neno lake si ushahidi. Kitu kilichomo nyumbani mwa mtu ni cha mwenye nyumba. Na Mungu amekileta siku ya haja.

Banyani akaipima, akaigonga kwa kidole, akauliza, "Mama, ya nani?"

"Ya baba."

"Hakika?"

"Hakika."

Reale arobaini na sita. Nimelipa ishirini na tisa zote, mtu mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Zilizobaki kumi na saba nimezitia sandukuni.

Imeingia: pembe ya baba, reale 46. Imetoka: deni la khitima, reale 29.

Kaniki ile ilikuwa imechanwa upande mmoja, haifai kujitanda. Chausiku kaifanya kata ya kichwani ya kuchukulia mtungi.

Magharibi baba kauliza, "Pembe ya Kulwa ipo?" Nikasema ipo.

Mwezi 20, Jumatano

Homa kidogo. Sikuandika.

Ramadhani, mwezi 1, Jumamosi

Mwezi umeonekana. Sokoni maneno ni ya Wadachi tu, wale Wazungu wa Ujerumani, wanasema pwani imekodishwa kwao. Mimi nina sanduku langu moja la kulinda, nalo limenishinda.

Mwezi 4, Jumanne

Nilimkuta baba jikoni saa sita mchana anakula wali wa jana kwa mkono, kwa raha zake. Nikaguna tu. Akanitazama, akaangalia mkono wake, kisha akakumbuka mwezi gani huu. Alilia mpaka alasiri. Nilimwambia alichosema kadhi, kwamba kalamu imeondolewa. Akasema, "Kwa nini? Nimefanya nini hata wasitake tena kuniandika?"

Mwezi 13, Alhamisi

Reale mbili hazipo. Pamoja na zile ambazo sikuziandika, zilizopotea ni saba sasa, na rupia mbili. Nimeshindwa kuzuia ulimi wangu, nami nimefunga.

Nikamwambia Chausiku alete uani bahasha yake, lile furushi la vitu vyake, niione.

Akanitazama. "Bibi, unanipekua?"

"Lete."

Akaileta mwenyewe, akaifungua mwenyewe, akavitoa kimoja kimoja juu ya jamvi: kitana, kipande cha sabuni, leso moja, hirizi ya mtoto wake aliyekufa. Na karatasi, imekunjwa mara nne, imefungwa kwa uzi. Hati ya uhuru, mwandiko wa baba, wino haujafifia. Chini yake hakuna kitu.

"Basi, bibi?"

"Basi."

Akakunja. Sikumwomba radhi. Sijui kama saumu yangu ya leo imepokelewa.

Mwezi 22, Jumamosi

Mvua zinapungua. "Pembe ya Kulwa ipo?" Ipo, baba. Mara nne leo.

Mfungo Mosi, mwezi 1, Jumatatu

Idi. Baba katoa zaka ya fitri mara tatu, na masikini wa tatu ndiye yule yule wa kwanza. Nikamwacha. Mchele pishi kumi na mbili.

Mwezi 17, Jumatano

Njia zimekauka. Bunduki zimelia upande wa magharibi, msafara wa kwanza umeshuka kutoka bara. Baba kasikia, kavaa kanzu, kakaa barazani kama zamani, kungojea watu. Hakuja mtu.

Mwezi 20, Jumamosi

Amekuja.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Mtu mzima, mrefu, anachechemea mguu wa kushoto, mabega yana sugu za mizigo. Akasimama mbali na baraza, akavua kitambaa cha kichwani. "Hodi kwa Baba Dadi."

Nilikuwa naenda kumwambia mzee mgonjwa, mzee hajui watu. Lakini baba alikwisha kuinuka. Uso wake, sijui niuandikeje. Ulikuwa uso wa baba yangu.

"Kulwa! Ndiyo kwanza unakuja? Umenenepa, wewe! Nani amekulisha?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Karibu. Doto yuko wapi?"

Yule mtu akasema, "Baba, Doto ulimzika wewe."

"Kweli," baba akasema. "Kweli. Ndui. Nilimwosha kwa mikono yangu." Akamkalisha karibu yake, akamshika goti.

Kulwa akanieleza, kwa kuwa niliuliza. Miaka sita iliyopita, mimi nikiwa Mlingotini kwa mume wangu na Chausiku yuko nami huko, walishuka mapacha wawili na pembe ya ndovu waliyemwua wenyewe. Bei ilikuwa imeanguka. Doto akapata ndui. Nyumba zote zikawafungia, baba akawafungulia hii. Doto akafa. Kulwa akarudi kwao, akaiacha pembe, akasema asipewe mtu mpaka aje mwenyewe. Kisha vita vikafunga njia, kisha mguu. "Sasa mtoto wa Doto anaoa. Nusu ni yake. Nimemwambia, mali ya baba yako iko pwani, iko kwa mtu."

Akatia mkono kifuani, akatoa kipande cha kaniki, kimechanwa upande mmoja. "Baba alichana yeye. Akasema, kipande chako na kipande changu vikikutana, ndipo."

Wakati ule ule Chausiku akaingia na mtungi kichwani. Akautua. Akaiona kaniki mkononi mwa mgeni, akaitoa kata yake polepole, akaikunjua, akaiweka juu ya mkeka. Kulwa akaweka chake ubavuni. Nyuzi zikakutana kila uzi na mwenziwe.

"Haya," baba akasema, amefurahi kama bwana arusi. "Miza! Miza, mwanangu! Toa pembe ya watu."

Kwa miezi mitatu sijaitwa jina langu. Na siku niliyoitwa ndiyo hii.

Ningeweza kusema uongo. Nimemdanganya mara mia katika daftari hili, kwa huruma. Lakini kipande kile cha kaniki kilikuwa kinanitazama. Nikapiga magoti. "Baba, niliiuza."

"Umeuza nini?"

"Pembe ya Kulwa. Katika Shaaban. Nililipa deni. Sikujua, baba. Ulisema jana, nikadhani…"

Hakunipiga kelele. Laiti angenipiga. Alinitazama kwa macho mazima kabisa, kisha akamgeukia Kulwa.

"Mwanamke huyu simjui. Binti yangu Miza hawezi kuuza amana. Nimemlea mwenyewe. Huyu kaingia nyumbani mwangu, kanichukulia funguo." Akapapasa kiunoni. "Unaona? Nisitiri, Kulwa. Nimeibiwa ningali hai."

Kulwa akamshika mikono yote miwili. "Hakuna neno, baba. Hakuna neno." Akaniambia kwa chini, "Inuka, mama. Usipige magoti mbele yangu. Mimi ni mpagazi tu."

Akaenda zake. Alisema atarudi Jumanne.

Mwezi 21, Jumapili

Kwa Banyani. Pembe imekwisha kwenda Unguja tangu Shaaban. Kanifunulia daftari lake, jina langu liko pale, kwa mkono wangu. Hakusema, "Nilikuuliza." Ningependa angesema.

Mwezi 22, Jumatatu

Mlingotini. Nimeuza minazi yote ishirini, reale thelathini na nane, na kumi nimezitoa katika zile za sandukuni, kwa kuwa ni za Kulwa. Nilimwambia marehemu mume wangu chini ya minazi yake, "Niwie radhi." Nimerudi kwa miguu.

Mwezi 23, Jumanne

Imetoka: kwa Kulwa, thamani ya pembe yake, reale 48. Mbili zaidi ni za kungoja kwake.

Alizihesabu mara moja, akagawa mafungu mawili sawa, lake na la mtoto wa Doto, akayafunga mbalimbali. Nikamwuliza kama amenisamehe.

"Fedha ni fedha, mama, imetimia. Lakini kule kijijini nilisema nitaileta pembe. Yule kijana alitaka kuishika aliyoishika baba yake." Akafikiri. "Nitamwambia iliibwa njiani. Nisiseme iliibwa kwa Baba Dadi. Huko kwetu watu wanaapa kwa jina lake."

Baba alikuwa karibu. Akamwona Kulwa, akamwuliza Chausiku, "Mgeni huyu ametoka wapi?"

Nimelirudia daftari, mwezi 16 wa Shaaban, nimekata "ya baba." Nimeandika juu yake "ya watu." Nitampelekea kadhi lilivyo, na mkato wake.

Mwezi 24, Jumatano

"Pembe ya Kulwa ipo?"

Imekwenda kwa mwenyewe, baba. Sivyo hasa. Lakini sikupata maneno mengine.

Mwezi 27, Jumamosi

Leo baada ya alasiri nilikuwa nachagua mchele. Baba kaja, katazama mlango, katazama dari, kakaa karibu yangu.

"Bibie," akasema, "nimekuangalia siku hizi. Hufanyi maneno mengi. Una uso wa mtu wa kuaminika."

Mikono yangu ikasimama.

"Ninataka kukuwekea amana. Humu ndani kuna mwizi, mimi mwenyewe sina pa kuweka. Binti yangu ni mjane, hana mtu, hana mtoto. Nikifa watu watamzunguka. Nimekuwa nikimwekea kidogo kidogo."

Akatoa ndani ya kanzu fundo la kitambaa cheupe, kimeingia uchafu kwa kushikwa. Akalifungua juu ya ungo. Reale saba. Rupia mbili. Kifungo cha fulana, na kokwa ya popoo.

Chausiku alikuwa mlangoni. Tulitazamana, mimi na yeye. Nikasema pale pale, mbele ya baba, "Chausiku, niwie radhi. Kwa ajili ya Mungu, niwie radhi."

"Nimekuwia, bibi," akasema, na machozi yanamtoka. "Mwisho wa mambo, nimeachwa huru mara kumi na sita. Hili nalo litapita."

Baba hakutusikia. Alikuwa anafunga fundo lake upya. Akachukua pembe ya kitambaa kwa meno, akachana kipande kirefu. Fundo akaniwekea mkononi, kipande akakishika.

"Miza akija, mtazame ana hiki. Asiyekuwa nacho usimpe, hata akilia. Vikikutana, ndipo."

"Nimesikia, baba."

"Hutauza?"

"Sitauza."

"Apa."

Nikaapa. Akaridhika, akaondoka na bakora yake. Kile kipande amekifunga kiunoni, mahali pa funguo. Tangu alasiri mpaka sasa ninapoandika hajapapasa hata mara moja. Akipeleka mkono, anakikuta.

Imeingia: amana ya Miza binti Dadi, kutoka kwa babaye. Reale saba, rupia mbili, kifungo, kokwa ya popoo. Imefungwa kwa kitambaa cheupe kilichochanwa. Mwenyewe hajaja. Ipo.